Maziwa kwa Coartem, maji kwa ciprofloxacin

Tuseme wagonjwa wawili wametoka kituo cha afya siku moja hapa Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Mmoja ana malaria na amepewa Coartem. Mwenzake ana maambukizi ya njia ya mkojo na amepewa ciprofloxacin. Wamefika nyumbani, na kwa kuwa kwetu mgonjwa hutunzwa kwa maziwa, kila mmoja amewekewa kikombe cha ikivuguto, maziwa ya mgando, amezee dawa. Wa kwanza ametendewa jambo jema sana. Wa pili amepoteza karibu theluthi moja ya dawa yake kabla haijagusa damu.

Coartem ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja: artemether na lumefantrine. Hiyo lumefantrine haiyeyuki kwenye maji. Inahitaji mafuta ili ivuke ukuta wa utumbo, na ukiimeza baada ya mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia mwilini kinaweza kufika mara 16 ya kile ambacho kingeingia kwa tumbo tupu. Hata hivyo si lazima uchinje mbuzi. Watafiti waliojaribu kuimezesha kwa maziwa ya soya waliona kwamba gramu 1.2 tu za mafuta zinaifikisha karibu kabisa na kilele chake. Kikombe cha maziwa yasiyoondolewa mafuta kinatosha, au nusu ya parachichi, au samaki wachache wa sambaza wa kukaanga na kipande cha kiazi.

Kwa ciprofloxacin, kalsiamu iliyomo kwenye maziwa hushikana na dawa humo humo tumboni, na vikishashikana utumbo hauwezi kuvipitisha. Vinateremka pamoja hadi chooni. Tetracycline huathirika zaidi ya hapo, doxycycline kidogo. Hizi zimeze kwa maji, glasi nzima, na maziwa yasubiri angalau saa mbili. Ukimeza doxycycline usijilaze mara moja, maana kidonge kikikwama kooni kinaunguza.

Naanza na maziwa kwa sababu ndiyo tunayoyapenda, na kwa sababu yanaonyesha upesi jambo ninalotaka ulishike: maneno machache anayokuambia muuguzi dirishani, huku foleni ikikusukuma mgongoni, yametokana na vipimo vya namna mwili unavyoipokea dawa, unavyoibeba, unavyoibadilisha na unavyoitoa. Ukimeza kidonge sahihi kwa wakati usio wake, au pamoja na kitu kisicho chake, mara nyingi ni kama umemeza kidonge kingine. Majina ya dawa nitayaandika kama yalivyo kwenye boksi, ili uweze kuyalinganisha na lako.

Malaria si nyingi mjini kwetu kama ilivyo mashariki ya nchi, kwa kuwa ufukwe wa ziwa Kivu wenyewe uko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Lakini watu wanasafiri, na malaria husafiri nao. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Aline Uwimana wa Rwanda Biomedical Centre walitangaza kwamba vimelea vyenye badiliko la jeni linaloitwa R561H vilikuwa vimeota mizizi nchini, wakitumia sampuli zilizokusanywa Masaka na Rukara. Badiliko hilo huvifanya vimelea vichelewe kuuawa na artemether na ndugu zake. Sasa fikiri: artemether hukaa mwilini muda mfupi, kiasi chake hupungua kwa nusu ndani ya saa mbili hivi, kisha huiachia lumefantrine kazi ya kumalizia, ambayo hubaki kwenye damu siku kadhaa. Artemether ikilegea, mzigo wa lumefantrine unazidi. Mtu anayemeza Coartem kwa maji matupu kwa sababu kichefuchefu kimemzuia kula, anaipunguza dawa ile ile anayoitegemea imalize kazi.

Kwa mtu mzima wa kilo 35 na zaidi dozi ni vidonge vinne kwa mara sita, jumla 24. Vinne vya kwanza meza mara tu unapovipata. Vinne vya pili baada ya saa nane kamili, hata kama ni usiku: ulianza saa tisa mchana, basi amka saa tano usiku. Kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Ukitapika ndani ya saa moja, hesabu kwamba dozi hiyo haikuingia; imeze tena na urudi kituoni upewe vya kujaza pengo. Homa ikishuka siku ya pili, maliza vilivyobaki. Na ukipewa dawa nyingine ya malaria, kwa mfano dihydroartemisinin na piperaquine, usihamishie humo ushauri wa maziwa na mafuta. Mafuta mengi huipandisha piperaquine kupita kiasi, na moyo ndio unaoweza kuathirika. Uliza upya.

Kabla sijatoka tumboni, nimtaje mama mjamzito na vidonge vyake vya madini ya chuma. Chai ya Pfunda ni fahari ya wilaya yetu, na wengi humezea chai kila kitu. Chai huyakamata madini ya chuma na kuyazuia kuingia mwilini. Kidonge hicho kimezwe kwa maji, na ukipata juisi ya maracuja au chungwa ni vizuri zaidi, chai ije baada ya saa moja au mbili. Antibiotiki za jamii ya ciprofloxacin huchukia madini ya chuma kama zinavyochukia maziwa. Dawa za kiungulia zenye aluminiamu au magnesiamu nazo huziba njia vile vile, na huizuia hata dolutegravir iliyomo kwenye kidonge cha kila siku cha watu wanaoishi na VVU. Dolutegravir itangulie kwa saa mbili, au ifuate baada ya saa sita.

Ini linapokaa njiani

Damu yote inayotoka kwenye utumbo hukusanywa na mshipa mmoja mkubwa na kupelekwa moja kwa moja kwenye ini kabla ya kuufikia moyo. Chakula kinapita huko, sumu zinapita huko, na dawa uliyoimeza inapita huko. Ini lina vimeng'enya vinavyoibadilisha dawa, na kwa baadhi ya dawa sehemu kubwa humalizwa katika safari hiyo ya kwanza tu. Ndiyo sababu dozi ya kunywa huwa kubwa kuliko ya sindano. Morfini ya maji inayotengenezwa hapa Rwanda kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu makali, kwa kawaida kama theluthi moja tu ya kinachomezwa ndiyo inayofika kwenye damu ya mwili mzima. Waliopanga dozi wanalijua hilo na wamekwisha kulihesabu. Kwa hiyo usimpunguzie mzee wako morfini kwa kuwa umesikia kwamba wa hospitali alichomwa miligramu chache. Ni hesabu mbili tofauti.

Insulini haifiki hata kwenye ini ukiimeza, kwa sababu ni protini na tumbo huisaga kama nyama. Ndiyo maana huchomwa chini ya ngozi. Na hapo nina onyo la kwetu hasa. Chemchemi za maji moto za Nyamyumba, amashyuza, kule upande wa kiwanda cha bia cha Bralirwa, zinapendwa na wagonjwa, na wengi huenda kuloweka miguu au mwili mzima. Joto huitanua mishipa ya ngozi, na insulini uliyoichoma muda mfupi kabla ya kuingia majini huvutwa kwenye damu upesi kuliko ilivyopangwa. Sukari inaweza kuanguka ukiwa humo majini. Kama una kisukari cha kuchoma insulini, nenda amashyuza saa nyingine, ukiwa umekula, na uwe na mtu karibu na kitu kitamu mfukoni. Wanaotumia dawa za presha nao watoke majini polepole, kwa kuwa mishipa ikitanuka presha hushuka na mtu huona kizunguzungu akisimama.

Nirudi kwenye ini. Dawa moja ambayo kila nyumba inayo, paracetamol, inatufundisha mengi kuhusu kazi ya ini. Sehemu kubwa ya paracetamol ini huifunga vizuri na kuipeleka kwenye figo itoke. Sehemu ndogo hugeuka kuwa sumu, na ini lina akiba ya kitu kiitwacho glutathioni cha kuizima sumu hiyo papo hapo. Ukibaki ndani ya gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500 kwa mtu mzima mwenye afya, akiba inatosha. Ukizidisha, au ukiwa umekaa na njaa siku nyingi, au ukiwa mnywaji wa kila siku wa urwagwa, pombe ya ndizi, au wa bia, akiba inakauka mapema na sumu inaanza kuua chembe za ini. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza unaweza kujisikia vizuri kabisa. Macho kuwa ya manjano na maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu huja baadaye, wakati uharibifu umekwisha kufanyika. Aliyemeza nyingi mno apelekwe hospitali mara moja hata kama anacheka. Dawa ya kuliokoa ini ipo, na inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane za mwanzo.

Hapa mpakani hatari hiyo ina mlango wake. Paracetamol ina majina mengi. Kwenye boksi lililotoka upande wa Goma, Kongo, unaweza kukuta Doliprane, Efferalgan au Dafalgan. Upande huu unaweza kukuta Panadol, au jina la kawaida tu. Zote ni dawa ile ile. Mtu hunywa Efferalgan ya gramu moja asubuhi, mchana anapewa Panadol na jirani, usiku anameza dawa ya mafua ambayo nayo ina paracetamol ndani, na hajui kwamba amemeza dawa moja mara tatu. Angalia maandishi madogo chini ya jina kubwa. Hayo ndiyo yanayokuambia kilichomo.

Kuna dawa zinazolichochea ini lenyewe. Kubwa kati yake ni rifampicin ya kifua kikuu, ile inayougeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, pamoja na jasho na machozi. Rangi hiyo haina madhara. Kisichoonekana ni kwamba baada ya wiki moja au mbili rifampicin hulifanya ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi ya kawaida, na vimeng'enya hivyo havichagui: vinazichakaza dawa nyingine upesi mno. Vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi vya mkononi hudhoofika. Sindano ya Depo na kitanzi haviguswi. Dolutegravir nayo hushuka, kwa hiyo mgonjwa wa kifua kikuu anayeishi na VVU huongezewa kidonge kingine cha miligramu 50 saa 12 baada ya kile cha kwanza. Wapo wanaokiacha hicho cha pili wakidhani muuguzi alikosea kuhesabu. Hakukosea. Na rifampicin ikiisha, ini huchukua kama wiki mbili kurudi katika hali yake, ndiyo maana kidonge hicho cha nyongeza huendelea kidogo hata baada ya dawa za kifua kikuu kumalizika.

Kama unadhani haya ni mambo ya vitabuni, kaskazini mashariki mwetu, Kampala, watafiti waliwafuatilia wanawake 20 waliokuwa wakitumia efavirenz ya VVU pamoja na kipandikizi cha levonorgestrel. Efavirenz nayo hulichochea ini. Homoni kwenye damu yao ilikuwa kama nusu ya ile ya wenzao wasiotumia efavirenz, na kabla ya mwaka kwisha 3 kati yao walikuwa wajawazito. Matokeo yalichapishwa 2016. Wanawake hao hawakusahau kitu, maana kipandikizi hakisahauliki. Kilikuwa mkononi mwao muda wote. Ilikuwa ni dawa mbili zilizokutana ndani ya ini bila wao kujua.

Kwa hiyo fanya hivi: unapoingia famasi au kituo cha afya, taja kila kitu unachokitumia kabla hujaulizwa. Taja kipandikizi na sindano ya uzazi wa mpango, ambazo wengi hawazihesabu kuwa dawa. Taja majani ya umuravumba na umubirizi uliyochemshiwa na bibi, kwa sababu majani nayo hupita kwenye ini lile lile. Sisemi uyaache, nasema anayekupa dawa ayajue. Taja pombe. Najua ni vigumu kuitaja mbele ya dada mdogo aliyevaa koti jeupe, lakini anayetumia isoniazid ya kifua kikuu na kunywa kila jioni anaweza kuliharibu ini lake kabla kifua hakijapona.

Na kuna vitu vinavyovizuia vimeng'enya badala ya kuvichochea. Mtafiti David Bailey wa London, ile iliyoko Ontario, Kanada, alikuwa akipima pombe na dawa ya presha iitwayo felodipine mwishoni mwa miaka ya 1980, akatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe. Dawa ikapanda kwenye damu kupita matarajio, na aliyesababisha ni balungi. Tunda hilo huvizuia vimeng'enya vilivyo kwenye ukuta wa utumbo. Machungwa ya kawaida na maracuja tunayokunywa kila siku usiyaogope kwa sababu hiyo, lakini kama daktari amekuandikia dawa ya presha au ya lehemu ya kila siku, muulize kuhusu balungi.

Ini lako na la jirani

Watu wawili wenye uzito sawa wanaweza kumeza kidonge kilekile na kupata vipimo vya damu vilivyo mbali sana. Kwa isoniazid, wapo ambao ini lao huifunga upesi, nusu ikiondoka kwa saa moja hivi, na wapo ambao huchukua saa tatu au zaidi. Ni jambo la kuzaliwa nalo. Wa polepole ndio wanaoanza kuhisi ganzi na kuchomwachomwa kwenye nyayo, na dawa yake ni vitamini B6. Ukihisi hivyo, useme. Usikae kimya ukidhani ni baridi ya asubuhi.

Efavirenz ilituonyesha jambo hili kwa sauti kubwa Afrika. Watu wetu wengi wana badiliko katika jeni iitwayo CYP2B6 linalowafanya waiondoe dawa hiyo polepole, na dozi ya miligramu 600 iliyopimwa kwa watu wa mabara mengine iliwaletea kizunguzungu na ndoto za kutisha. Collen Masimirembwa na wenzake kule Harare wamefanya kazi kubwa kulieleza hili. Kwa upande mwingine, katika utafiti wa 1996 wa Eleni Aklillu na wenzake, Waethiopia 29 kati ya kila 100 walikuwa na nakala za ziada za jeni ya CYP2D6, ambayo huigeuza codeine kuwa morfini ndani ya mwili. Mtu wa namna hiyo akinywa dawa ya kikohozi yenye codeine anaweza kulewa na kupumua kwa shida kwa dozi ambayo jirani yake haisikii kabisa. Kwa hiyo usimpe mtoto dawa ya kikohozi yenye codeine kwa sababu tu ilimfaa mtoto wa dada yako. Watoto wa chini ya miaka 12 wasipewe kabisa.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Ini na figo za mtoto mchanga bado hazijakomaa, na dawa ambayo kwako huisha asubuhi kwake huweza kubaki hadi kesho. Dozi yake hupangwa kwa kilo, na kilo hupimwa upya, kwa kuwa karatasi ya mwaka jana imepitwa. Dawa ya maji pima kwa kikombe au bomba lililokuja na chupa. Vijiko vya jikoni havilingani.

Saa

Angalia boksi au mfuko mdogo uliopewa famasi. Mara nyingi pameandikwa kwa kalamu: 1×3, au 2×2. Namba ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara kwa siku, na siku hapa ina saa 24. 1×3 ni kila baada ya saa 8: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Wengi hugawanya mchana peke yake, wanameza asubuhi, mchana na jioni, kisha usiku mzima unabaki mtupu.

Kwa amoxicillin pengo hilo lina gharama. Nusu yake hutoka kwenye damu kwa saa moja tu, ikipitia mkojo. Baada ya saa nane kuna kidogo mno kilichobaki, na amoxicillin huua vijidudu kwa kukaa juu yao muda mrefu. Kuimeza nyingi kwa mpigo mmoja hakufidii. Ukiacha pengo la saa kumi na nne, vijidudu vinapata usiku wa kuzaana.

Muda ambao nusu ya dawa hutoka huitwa nusu-maisha, na huo ndio unaoamua kama utameza mara moja au mara nne. Paracetamol ni saa mbili hadi tatu. Amlodipine ya presha ni saa 30 hadi 50, kwa hiyo mara moja kwa siku inatosha, na ukichelewa saa chache hakuna kitu. Lakini kwa kuwa inajijenga polepole, inahitaji wiki moja au zaidi kufika kimo chake. Anayeiacha siku ya tatu akisema haifanyi kazi hajaipa nafasi. Na anayepima presha baada ya kuiacha siku mbili akaikuta nzuri asijidanganye kwamba amepona. Bado anaishi kwa dawa ya juzi. Captopril ni kinyume: hukaa saa chache, humezwa mara mbili au tatu, saa moja kabla ya chakula, na kuruka dozi moja huonekana siku hiyo hiyo.

Ukisahau dozi, imeze unapokumbuka, isipokuwa kama wakati wa inayofuata umekaribia. Usimeze mbili pamoja kulipa deni.

Kwa mama anayevuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Goma na beseni la nyanya alfajiri na kurudi jioni, dozi inayopotea ni ya saa nane mchana, akiwa sokoni Virunga au katika vichochoro vya Birere. Saa ya Goma na ya Gisenyi ni moja, basi weka kengele ya simu na isikuchanganye. Kata kidonge cha mchana kwa mkasi pamoja na karatasi yake ya bati, ukiache humo ndani; kidonge kilichofunuliwa na kufungwa kwenye ncha ya kitenge hulowa jasho na kuharibika. Beba na chupa ya maji. Na kama umeandikiwa furosemide, ile ya kukojoza, ujue kwamba kazi yake kubwa huisha kwa saa sita hivi. Wengi huiacha siku za soko kwa sababu vyoo ni shida, na jioni miguu imevimba. Mweleze daktari ratiba yako ya mpakani. Mara nyingi anaweza kuisogeza saa yake badala ya wewe kuiacha.

Ukinunua dawa upande wa pili, boksi litasema Kifaransa. Maneno machache yanatosha kukusaidia. À jeun ni tumbo tupu. Pendant le repas ni wakati wa kula. Comprimé sécable ni kidonge chenye mstari katikati, hicho unaweza kukigawa. Na herufi LP, kama nifédipine LP, maana yake dawa imetengenezwa itoke polepole kwa saa nyingi. Kwenye boksi za Kiingereza utaona SR, XR au ER. Kidonge cha namna hiyo usikisage, usikitafune, usikiyeyushe kwenye chai ya mzee asiyeweza kumeza. Dozi ya siku nzima itamwagika kwenye damu kwa saa moja, na presha inaweza kuanguka vibaya. Kama mzee hawezi kumeza, rudi uombe dawa ya namna nyingine.

Mlango wa kutokea

Ndani ya damu dawa nyingi husafiri zikiwa zimeshikwa na protini iitwayo albumini, na ni zile zilizo huru tu zinazofanya kazi. Mtu aliyekonda kwa njaa au ugonjwa mara nyingi ana albumini kidogo, na dozi ya kawaida ya dawa hizo huweza kumlemea.

Figo huchuja maji kama lita 180 kwa siku, karibu yote yakirudishwa mwilini, na dawa nyingi hutoka kwa njia hiyo. Metformin ya kisukari hutoka nzima, ini haliigusi. Tenofovir iliyo kwenye kidonge cha VVU nayo hutoka kwa figo. Figo zikichoka, na huchoka kadiri umri unavyokwenda, dawa hizi hurundikana. Ndiyo maana unaombwa kipimo cha creatinine na hupaswi kukiruka hata kama unajisikia vizuri.

Nataka kusema jambo kwa vijana wabeba mizigo wa mpakani. Diclofenac na ibuprofen huondoa maumivu ya mgongo, lakini hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Ukizimeza kila siku ukiwa umetoka jasho na hujanywa maji, au ukiwa unaharisha, figo hukosa damu ya kuchuja. Aliye na presha na anayetumia enalapril au lisinopril pamoja na dawa ya kukojoza, akiongeza diclofenac juu yake, anazibana figo kutoka pande tatu. Kwa maumivu ya siku moja mbili paracetamol ni salama zaidi, ndani ya kipimo nilichokitaja. Maumivu yakipita wiki, nenda ukapimwe. Kadi ya mutuelle, bima yetu ya afya, inakusaidia hapo, na bei ya ushauri huo ni ndogo kuliko ya boksi la diclofenac la kila wiki kwa mwaka mzima.

Piga picha ya kila boksi kwa simu yako, upande wenye maandishi madogo. Ukiugua ghafla Goma, au Kigali, au popote, mwonyeshe picha hizo anayekuhudumia kabla hajakuandikia kitu kipya. Wengi wetu hukumbuka rangi ya kidonge, na vidonge vyeupe vya mviringo ni vingi mno.